Kukausha mwani kunakula mafuta yake

Wanaotaka mwani ukaushwe kabla ya kutolewa mafuta, yawe ya dizeli au ya vidonge, wana hoja rahisi kueleweka: heksani, kiyeyushi kile kile cha viwanda vya soya, hupenya vizuri kwenye unga mkavu na kutoka na mafuta mengi. Mwani mbichi huizungushia seli maji, heksani ikashindwa kuingia, na mara nyingi unabaki na kitu kama maziwa kisichokubali kutengana. Ni kweli yote. Ila hesabu yao huanzia pale gharama kubwa ilipokwisha kulipwa.

(Nazungumzia mwani wa hadubini, unaokuzwa bwawani, si ule wa baharini unaoanikwa Paje, Zanzibar.)

Chukua kilo 1 ya mwani mkavu. Jana yake ilikuwa rojo zito lenye asilimia 20 tu ya mwani, maana yake ilibeba kilo 4 za maji. Kuyachemsha maji hayo hadi yaishe kunataka megajuli 10 na ushei. Mwani wenyewe, robo ya uzito wake ikiwa mafuta, unakupa gramu 250, yaani megajuli 9 hivi. Umetoa 10 kupata 9, na hapo tumejifanya kikaushio hakipotezi joto hata chembe. Haya, rudisha nusu ya joto la mvuke: bado zaidi ya nusu ya mafuta imekwenda. Jua ni la bure, lakini linadai uwanja mpana na siku bila mvua, na mafuta ya omega-3 huchacha yakianikwa.

Njia mbichi, ya kutoa mafuta bila kukausha, nayo ina mzigo. Nannochloropsis, aina mojawapo ya mwani huu, ina ukuta mgumu wa seli, na kuupasua ili heksani iingie kunakula umeme. Lakini kinachovukizwa mwishoni ili mafuta yabaki ni heksani, na kilo yake hugeuka mvuke kwa karibu moja ya saba tu ya joto linalohitajiwa na kilo ya maji. Makapi, robo tatu ya mwani, huingia kwenye mtambo wa biogesi yakiwa na maji yake. Mkaushaji huyakausha, kisha akitaka gesi huyalowesha tena!

Wala maji si kizuizi cha kimaumbile. Mwaka 1959, Bligh na Dyer huko Kanada walitoa mafuta kwenye nyama mbichi ya samaki kwa klorofomu na methanoli. Klorofomu ni sumu, haifai kiwandani, lakini njia ilionekana.

Anayeuza DHA, aina ya omega-3, kwenye vidonge na akaushe, bei yake inabeba. Anayeuza dizeli atuonyeshe kwanza ankara ya kikaushio.