Mgongo wa Maharaja na chumba alichokosa Ambedkar

Ukitaja Baroda ukiwa Mombasa au Kampala, mtu atakuelekeza benki. Ile yenye nembo ya jua la rangi ya chungwa. Mwaka 1953 benki hiyo ilifungua matawi yake ya kwanza nje ya India katika miji hiyo miwili, na haikuja kubahatisha: wateja wake walishatangulia. Walikuwa Wagujarati wenye maduka na viwanda, miongoni mwao akina Patel kutoka Petlad na vijiji vya jirani, ambao wazee wao walizaliwa raia wa Maharaja wa Baroda, dola ya kifalme magharibi mwa India iliyokuwa chini ya Waingereza. Ukiuliza huyo Maharaja ni nani, hapo ndipo watu hukwama.

Anaitwa Sayajirao Gaekwad wa Tatu. Alikalia kiti kuanzia 1875 mpaka alipofariki Februari 1939, na benki aliianzisha yeye mwaka 1908. Nimemsoma kwa muda sasa, na kila nikisoma namkuta mtu mmoja anasimuliwa kwa kisa kimoja. Kisa chenyewe ni kizuri na nitakieleza. Ila nadhani tunampima kwa kipimo kisicho chake.

Nianze na namna alivyopata ufalme, maana ni kama hadithi ya bibi. Mwaka 1874 Baroda ilikuwa chini ya Malharrao, mtawala aliyechokwa na watu wake na aliyekuwa hapatani kabisa na Kanali Phayre, Rezidenti wa Kiingereza. (Wazee wa Zanzibar hawana haja ya kuelezwa Rezidenti ni nani: mfalme ana kiti na bendera, Rezidenti ana neno la mwisho.) Siku moja Phayre akaonja sharubati yake ya asubuhi, akahisi ladha si ile. Ikasemwa ina sumu ya aseniki na vumbi la almasi. Malharrao akashtakiwa mbele ya jopo la watu sita, Waingereza watatu na Wahindi watatu, nao wakagawanyika nusu kwa nusu: Waingereza wakamwona ana hatia, Wahindi wakasema ushahidi hautoshi. Serikali ya Kiingereza haikuhangaika na hesabu hiyo. Ilimwondoa kwa hoja kwamba ameharibu utawala, ikampeleka uhamishoni Madras.

Mrithi ikabidi atafutwe. Jamnabai, mjane wa mtawala aliyemtangulia Malharrao, akaruhusiwa kuasili mtoto wa ukoo. Wakaletwa wavulana watatu kutoka kijiji cha Kavlana, upande wa Nashik, watoto wa tawi la ukoo lililokuwa limeishia kwenye kilimo. Inasimuliwa kwamba kila mmoja aliulizwa amekuja kufanya nini, na Gopal, mwenye umri wa miaka 12, akajibu bila kupepesa kwamba amekuja kutawala. Kama alisema kweli au watumishi wa jumba walimtungia baadaye, mimi sijali sana. La uhakika ni kwamba mtoto huyo alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Mwezi Mei 1875 alikuwa mtoto wa mkulima. Kufikia Juni anaitwa Sayajirao na ana jiji zima linamwinamia.

Wakampa mwalimu wa Kiingereza aliyeitwa Elliot, wakamfundisha Kimarathi, Kigujarati, Kiurdu na Kiingereza, huku waziri mkuu Madhava Rao akiendesha dola mpaka kijana alipokabidhiwa madaraka kamili mwishoni mwa 1881. Mtu aliyeanza alifu kwa ujiti akiwa na miaka 12, tena huku anatazamwa na kila mtu, hasahau. Nadhani mengi aliyoyafanya baadaye yalitoka hapo, kwenye aibu ile ya kitoto ya kutojua herufi mbele za watu.

Sasa kisa chenyewe. Desemba 1911, Delhi. Mfalme George wa Tano na Malkia Mary wameketi chini ya hema la fahari, na watawala wa India wanapita mmoja mmoja kutoa heshima. Utaratibu ulishaelezwa: unakaribia umevaa vito vyako vyote, unainama mara tatu, kisha unarudi kinyumenyume ukimwelekea Mfalme. Nizam wa Hyderabad akapita. Akafuata Sayajirao, kavaa nguo nyeupe, vito hana, mkononi fimbo ya kutembelea. Akainama mara moja. Akageuka. Akaenda zake, mgongo ukimtazama Mfalme wa Uingereza.

Magazeti ya London yaliwaka moto. Kulikuwa na kamera za sinema siku ile, kwa hiyo watu walikwenda kumtazama kwenye majumba ya sinema huko Uingereza, kila mtu na hukumu yake. Na Waingereza walikuwa wakimshuku tangu zamani. Aurobindo Ghose, ambaye baadaye alikamatwa kwa madai ya kupanga njama za mabomu Bengal, alikuwa mwajiriwa wa Baroda kuanzia 1893 mpaka 1906.

Wanaosimulia kisa hiki kwa kishindo huishia kwenye mgongo. Wanaruka kwamba baada ya siku chache Sayajirao alimwandikia Gavana Mkuu barua ya kuomba radhi, akisema alibabaika na hakuona vizuri aliyemtangulia alifanya nini. Simlaumu. Malharrao aling'olewa na jopo lililogawanyika katikati. Yeye angeng'olewa kwa mkanda wa sinema. Lakini shujaa wa mgongo na mwandishi wa barua ni mtu mmoja, na ukiandika habari zake andika vyote viwili.

Ukaidi wake wa kweli naukuta kwingine, sehemu isiyo na kamera. Mwaka 1893, katika eneo la Amreli, alianza kujaribu elimu ya msingi ya lazima na ya bure. Si ya hiari, lazima: mzazi aliyembakiza mtoto nyumbani alitozwa faini. Mwaka 1906 akaieneza dola nzima, wavulana na wasichana. Miaka michache baadaye Gokhale, mwanasiasa wa Kihindi, alipeleka muswada wa elimu ya lazima kwenye baraza la serikali ya Kiingereza ya India, akiitolea mfano Baroda, na muswada ukaangushwa. Yaani dola iliyojiita mlezi wa Wahindi ilishindwa na jambo ambalo kibaraka wake alikuwa analifanya jirani tu, kwa kodi ya wakulima wa pamba.

Kisha akaja na maktaba. Alikuwa amezunguka Marekani akaona watu wa kawaida wanaazima vitabu bila kulipa, akamwajiri Mmarekani, William Borden, aje kupanga kazi hiyo kuanzia 1910. Ikajengwa maktaba kuu mjini, na kwa vijiji visivyo na maktaba yakatengenezwa masanduku ya mbao. Hebu lione sanduku lenyewe: limepangwa vitabu, limefungwa, linapakiwa garimoshi mpaka stesheni ya mwisho, linateremshwa, linakaa kijijini kwa muda, kisha linarudi na kubadilishwa. Kwa shida tuliyo nayo ya vitabu shuleni hata leo, hilo sanduku linaniuma zaidi kuliko mgongo wa Delhi.

Nisimpambe kupita kiasi. Jumba lake la Lakshmi Vilas, lililokamilika 1890, ni kufuru ya mawe na vioo. Alipenda Ulaya mno; alikuwa akikaa huko miezi kwa miezi, kiasi kwamba waraka wa Curzon, Gavana Mkuu wa India, wa mwaka 1900 wa kuwazuia watawala kusafiri ovyo yeye aliuchukua kama tusi lake binafsi. Curzon alikuwa mtu wa kiburi, lakini mkulima wa Mehsana aliyelipa kodi angeweza naye kuuliza, Mheshimiwa yuko wapi? Nyumbani kwake pia hakukutulia. Alimpoteza mke wa kwanza mapema, na kati ya 1908 na 1923 aliwazika watoto wake watatu wa kiume. Binti yake Indira alimkataa Maharaja wa Gwalior aliyekuwa amemposa, akaolewa London mwaka 1913 na mwanamume aliyemtaka mwenyewe. Baba aliyepiga marufuku ndoa za watoto na kusomesha mabinti wa watu hakufurahia hata kidogo binti wake alipoitumia elimu hiyo.

Na hapa ndipo nagombana na wenzangu wanaopenda kusema kwamba tatizo letu ni kukosa dikteta mwema. Baroda ilimpata. Ilimpata kwa sababu sharubati iliingia sumu, kwa sababu mjane mmoja aliwachungulia watoto watatu na kumnyooshea mmoja kidole. Bahati nasibu. Na alipokufa, kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Pratapsinh. Mwaka 1945, dunia ndiyo kwanza inatoka vitani, mjukuu huyo alimnunua Uingereza mwanafarasi wa mashindano kwa gini 28,000, bei ambayo haikuwahi kutolewa kwa mwanafarasi wa umri ule. Akampa jina Sayajirao. Farasi alikuwa mzuri kweli, mwaka 1947 alishinda mashindano makubwa ya St Leger huko Uingereza. Babu alitoza faini ili watoto wasome. Mjukuu akamgeuza babu kuwa jina la kubetia. Serikali ya India huru ilimvua cheo mwaka 1951.

Lakini hata bahati ikikuangukia, amri ya mtu mwema inafika mpaka wapi? Hili ndilo linanirudisha kwa Bhimrao Ambedkar, aliyekuja baadaye kuongoza uandishi wa katiba ya India.

Ambedkar alikuwa wa jamii ya Mahar, watu waliohesabiwa najisi, wasioguswa. Mwaka 1913 Sayajirao alimpa msaada wa pauni 11 na nusu kwa mwezi, kwa miaka mitatu, akasome Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Sharti: akirudi, aitumikie Baroda miaka kumi. Alirudi 1917, msomi ambaye wa mfano wake hawakuwa wengi India nzima, akashuka kwenye stesheni ya Baroda kuanza kazi. Wala hakuwa na pa kulala.

Mwenyewe aliandika habari hiyo, na kwa utulivu unaotisha. Hoteli za Wahindu zisingempokea. Akaenda nyumba ya wageni ya Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, mwangalizi akagundua si Mparsi, wakakubaliana ajiandikishe kwa jina la Kiparsi na alipe rupia moja na nusu kwa siku. Alikaa orofani peke yake. Taa ya umeme hakuna, ni ile ya chemni tu, na ukumbi wa pembeni umejaa takataka, popo wanaruka. Ofisini kwa Maharaja matarishi walimrushia mafaili mezani wasije wakamgusa. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu hakuwa hata mgeni, alikuwa mwajiriwa wa dola, kasomeshwa na dola.

Siku ya kumi na moja asubuhi, akijiandaa kwenda kazini, akasikia vishindo kwenye ngazi. Wanaume kama dazani, kila mmoja na fimbo. Walimwambia ameinajisi nyumba yao, jioni wasimkute. Akazunguka kwa marafiki wawili, mmoja Mhindu na mmoja Mkristo. Wote walikuwa na sababu.

Sayajirao alikuwa na shule za watoto wa jamii hizo tangu miaka ya 1880, na walimu wa matabaka ya juu walipokataa kuwafundisha aliwaajiri Waislamu. Alikuwa na sheria, askari, faini. Alimvusha kijana huyu bahari mbili. Ndani ya jiji lake mwenyewe akashindwa kumpatia chumba, na sidhani alikuwa hajui jiji lake likoje.

Treni ya Bombay ilikuwa inaondoka saa tatu usiku, na ilikuwa bado saa kumi alasiri. Ambedkar akaenda kungojea Kamathi Baug, bustani ya umma pembeni mwa mji, ambayo Sayajirao aliifungulia watu mwaka 1879, akiwa bado kijana anayesoma. Bustani haikuuliza tabaka. Akakaa humo mpaka saa mbili usiku, yeye na huzuni yake.