Mwenyeji akimkataa mgeni, tangazo lake lishushwe?

Wenye nyumba za kukodisha kwa siku chache wana lalamiko moja lisiloisha, wawe Kilimani, Nyali au Masaki. Mtu ana fleti safi, nyota zake 4.9, maombi yanaingia vizuri. Anakataa wageni watatu wanne kwa sababu anazoziona za msingi, na baada ya hapo simu inanyamaza. Akitafuta tangazo lake kwenye Airbnb, kampuni inayowakutanisha wenyeji na wageni mtandaoni, analikuta chini kabisa, nyuma ya vyumba ambavyo picha zake zimepigwa gizani. Anaamini ameadhibiwa.

Je, kweli ameadhibiwa? Na kama ameadhibiwa, ni haki? Watu huyachanganya maswali haya mawili, kisha wanagombana bila kuelewana.

Kwanza tutenganishe kujibu na kukubali. Anayetaka kuitwa Mwenyeji Bingwa, yaani daraja la heshima ambalo Airbnb huwapa wenyeji wake bora, lazima ajibu walau asilimia 90 ya ujumbe wa wageni wapya kwa wakati, awe na wastani wa nyota 4.8 na avunje chini ya asilimia 1 ya nafasi zilizokwisha kuwekwa. Kukataa ombi huhesabiwa kuwa ni kujibu. Kwa hiyo mtu anaweza kukataa wageni kumi na akabaki Mwenyeji Bingwa. Anayeliacha ombi mpaka saa 24 ziishe ndiye anayepoteza alama. Wengi hawalijui hili. Wanaogopa kukataa, wanakaa kimya, na ukimya unawaumiza zaidi.

Mpangilio wa matokeo ya utafutaji ni habari nyingine. Kampuni imesema wazi kwamba unaangalia ubora, bei, mahali na umaarufu wa nyumba, ila haitangazi uzito wa kila kigezo. Hata hivyo wahandisi wake wameandika mambo yanayofungua macho. Mwaka 2015 walieleza mfumo uliojifunza kutokana na maamuzi ya nyuma ya kila mwenyeji: maombi ya usiku mangapi aliyakubali, ya watu wangapi aliyakataa, yapi yaliacha mapengo kwenye kalenda yake. Kutokana na hayo, mfumo ulikadiria uwezekano wa mwenyeji huyo kumkubali mgeni fulani, na makadirio hayo yakaingia kwenye kupanga matokeo. Watafutaji waliofanikiwa kuweka nafasi waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 3. Mwaka 2018 Mihajlo Grbovic na Haibin Cheng, wote wa kampuni hiyo, walipata tuzo kwenye KDD, kongamano la kimataifa la wataalamu wa uchambuzi wa data, jijini London kwa makala iliyokwenda mbali zaidi. Humo, mwenyeji alipokataa ombi, uamuzi wake ulitumika kuifundisha kompyuta kwamba mgeni wa aina hii na nyumba ya aina hii haviendani.

Maana yake ni kubwa kwa anayelalamika. Hakuna nafasi moja ambayo tangazo lake limeshushwa kwa watu wote. Katika mfumo wa namna hiyo, aliyezoea kukataa maombi ya usiku mmoja atashuka kwa wanaotafuta usiku mmoja, huku akibaki juu kwa familia inayotaka wiki nzima. Tena anapojitafuta kwa simu yake mwenyewe, kwa tarehe alizojichagulia, haoni anachokiona mgeni aliyeko Kampala au Dubai. Ni vizuri pia akumbuke kilichotokea mtaani kwake. Kilimani na Kileleshwa zimejaa majengo mapya yenye fleti za chumba kimoja, na nyingi zimeingia kwenye soko hilihili. Mara nyingine aliyekukalia juu ni jirani wa ghorofa ya saba aliyepunguza bei, na wale wageni uliowakataa hawahusiki.

Hata hivyo siwezi kumwambia mwenyeji kwamba anajitungia hofu. Kukataa kunahesabiwa. Swali lililobaki ni la haki, na hapa pande zote mbili zina hoja nzito.

Chukua upande wa mgeni. Ameshanunua tiketi ya ndege, ameomba chumba, amengoja mpaka saa 24, amekataliwa, akaanza upya wakati vyumba vizuri vimekwisha. Kumwonyesha tena nyumba ambayo mwenyewe hupenda kukataa ni kumpotezea muda. Na kukataa kumewahi kuficha ubaya mkubwa kuliko usumbufu. Mwaka 2015 Benjamin Edelman, Michael Luca na Dan Svirsky, wakiwa Harvard, walituma maombi kwa wenyeji wapatao 6,400 katika miji mitano ya Marekani. Wasifu wa wageni ulifanana kwa kila kitu isipokuwa majina. Wenye majina yanayotambulika kuwa ya Wamarekani weusi walikubaliwa karibu asilimia 42, wenye majina ya Wazungu asilimia 50. Sisi ambao ndugu zetu wanasafiri na majina kama Juma, Wanjiku na Abdi hatuwezi kusoma takwimu hizo kama habari za watu wengine.

Mwaka uliofuata wageni weusi walisimulia mitandaoni yaliyowakuta, na kampuni ikalazimika kubadilika. Mwenyeji aliyemkataa mgeni kwa kisingizio kwamba nyumba imejaa, tarehe hizo zingefungwa asiweze kumpa mtu mwingine. Mwishoni mwa 2018 picha ya mgeni ikaacha kuonyeshwa kabla ya ombi kukubaliwa. Ikahimizwa pia njia ya kuweka nafasi papo hapo, ambayo haimpi mwenyeji mwanya wa kuchambua jina la mtu. Kwa hiyo anayesema kukataa ni haki yake isiyoulizwa asahau. Kwangu mimi, kumkataa mtu kwa kabila, rangi au dini yake hakustahili kinga yoyote, na kushushwa kwenye utafutaji ni adhabu ndogo.

Sasa geukia upande wa mwenyeji. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi, kwa nyakati tofauti, ndani ya nyumba za kukodisha kwa muda mfupi. Wenyeji wakaambiwa wawatambue wageni wao, na serikali ikasisitiza nyumba hizo zisajiliwe. Huko Orinda, California, watu watano walikufa kwa risasi mwaka 2019 kwenye sherehe iliyofanyika katika nyumba iliyokodiwa kupitia Airbnb, na kampuni yenyewe ikaishia kupiga marufuku sherehe duniani kote. Mwenyeji anayeambiwa na kila mtu awe macho, kisha akapoteza wateja kwa sababu alikuwa macho, ana haki ya kukasirika. Tusisahau kwamba wengi Nairobi si wamiliki. Wamepanga fleti kwa mwezi na kuikodisha kwa siku, na malalamiko ya kelele usiku mmoja yanatosha wasimamizi wa jengo kuwafukuza.

Kuna wanaomshauri aruhusu tu kuweka nafasi papo hapo, mambo yaishe. Ushauri huo una bei yake. Tangu 2022, mwenyeji anayevunja nafasi iliyokwisha kuwekwa hutozwa kati ya asilimia 10 na 50 ya thamani yake, kutegemea ukaribu wa tarehe, asipokuwa na sababu inayokubaliwa. Akiwa na wasiwasi na mgeni, ni nafuu amkatae mapema kuliko kumkubali halafu amvunjie safari. Kumkataa mapema ni bora hata kwa mgeni mwenyewe.

Nikipima yote haya, naona kampuni ina haki ya kuhesabu kukataa, ila inakosea inapohesabu bila kumwonyesha mwenyeji imehesabu nini. Ombi lililokataliwa kwa sababu mgeni ameuliza kama spika kubwa zinaruhusiwa halifanani hata kidogo na lililokataliwa kwa sababu ya jina. Mwenyeji huulizwa sababu anapokataa, lakini haelezwi sababu hiyo imebadilisha nini.

Mwenyeji naye ana kazi ya kufanya, na si ndogo. Sehemu kubwa ya kukataa kunakolalamikiwa hakukuwa na haja ya kutokea. Asiyetaka usiku mmoja wa Ijumaa aweke usiku mbili kuwa kima cha chini cha wikendi. Asiyetaka maombi ya saa tatu usiku aweke muda wa taarifa, yaani ombi lazima lifike muda gani kabla ya mgeni kuingia. Chumba cha watu wawili kisiandikwe cha wanne kwa matumaini ya kupata wengi. Kalenda ifungwe siku shangazi anapokuja, badala ya kungoja mtu aombe ndipo akataliwe. Ombi ambalo halikufika haliwezi kukuharibia rekodi.

Yanayobaki baada ya hapo ni maombi machache ya wasiwasi wa kweli, na hayo ndiyo yanayohitaji kulindwa. Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Julai 2020, inayozilazimisha kampuni za aina hii kuwaeleza wafanyabiashara wa huko vigezo vikuu vya kupanga matokeo na kwa nini vina uzito. Mwenyeji wa Lisbon anaweza kuidai. Mwenyeji wa Kileleshwa hawezi, ingawa wote wawili wanakatwa asilimia ya mapato na kampuni moja. Mamlaka ya utalii ya Kenya, inayowataka wenyeji wajisajili na kulipa ada, ingeweza kuibana kampuni kwa swali moja: mwenyeji aliyemkataa mgeni aliyegoma kuonyesha kitambulisho, anahesabiwaje kwenye utafutaji?