Gemu Moja, Mia Tano

Jana nimefunga kibanda changu cha gemu za tivii saa sita kasoro usiku, na kwenye debe la pesa kulikuwa na shilingi elfu mbili na mia tano pamoja na kifungo cha shati. Msiseme wateja hawakuwepo. Walijaa mpaka mlangoni, wengine wamekalia kreti zangu za soda, wengine wamening'inia dirishani kama popo, wanapiga makofi na kuhema pamoja. Waliolipa ndio walikuwa haba. Tangu saa kumi na mbili jioni mashine yangu ilikuwa mikononi mwa watu wawili, na watu hao wawili walikuwa wamelipa mia tano.

Wenye biashara hii mnanielewa. Ukutani nimeandika kwa rangi nyekundu: GEMU MOJA 500. Maandishi hayo yana miaka saba na hayajawahi kunidhulumu. Mpira wa miguu nauweka dakika nne kila kipindi, mtu anafungwa, anailaumu padi, anaitukana mashine, anatoa mia tano nyingine. Ndivyo ada za shule zinavyopatikana nyumbani kwangu.

Sasa mwezi uliopita nikapanda taksi mpaka Kampala kununua diski mpya. Nikaingia kwenye akedi moja, jengo la maduka, jina naliacha kwa heshima ya kizazi, nikamwambia kijana wa duka nataka mpira, toleo jipya. Akaniuliza, "Mpira kabisa, ssebo (bwana)?" Nikamwambia kabisa. Kufika nyumbani Bombo naitia diski kwenye mashine, namwona mtu mnene mwenye kofia, shavu limejaa, ameshika rungu. Nikasubiri mpira uanze. Nikasubiri. Mpira wenyewe ulikuja baadaye, mdogo, mweupe, una mishono myekundu. Nilipopiga simu kulalamika kijana akanijibu kwa upole, "Mzee, si umeuona mpira? Upo." Kweli upo. Nauli ya kurudi kubishana naye ingezidi bei ya diski.

Ndivyo besiboli ilivyoingia kwangu.

Tuwe waungwana, mimi si mtu wa kuponda kila kitu. Mchezo una uzuri wake. Rungu likikutana na mpira sawasawa unasikia *ko!* mpaka kwenye meno, na mtu wa chapati ng'ambo ya barabara anageuka kutazama. Majani ya uwanja yamekatwa vizuri kuliko ndevu zangu. Na kuna sehemu ya hadithi za Waamerika weusi wa zamani, walipokuwa na ligi zao kwa sababu Wazungu walikataa kucheza nao. Humo yumo Satchel Paige, mrushaji, ambaye ligi kubwa ilimfungulia mlango mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Mwaka 1965 akarudi uwanjani akiwa na miaka 59, akarusha iningi tatu, yaani vipindi vitatu vya mchezo. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia, kwa sababu aliyekuwa akisikiliza hayo pale kwenye benchi alikuwa Afande.

Afande ni sajini mstaafu, jirani yangu. Tangu mwaka ule wa 2022 Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, anatembea kama yeye ndiye aliyetia saini. Mimi nina miaka arobaini na sita, yeye ananiita kijana. Kwa miaka yote alikuwa akipita mbele ya kibanda anatikisa kichwa kwa habari ya vijana wanaopoteza muda. Siku aliyosikia habari za Paige akasimama. "Hamsini na tisa?" akauliza. "Mimi nina hamsini na nane." Akakaa. Hajainuka mpaka leo.

Mwalimu wake ni mtoto wa S.4, kidato cha nne, aliyecheza besiboli shuleni, ndiye anayetufafanulia mambo. Upande mmoja watu tisa. Mpira ukikupita mara tatu mahali ulipotakiwa kuupiga, hiyo straiki tatu, uko auti. Mrushaji akikosea boli nne, unatembea bure mpaka besi ya kwanza. Auti tatu mnabadilishana. Mkishabadilishana nyote wawili hiyo ni iningi moja, na iningi ni tisa. Nikamuuliza, dakika ngapi? Akanitazama kwa huruma. "Anko, besiboli haina dakika."

Nirudie? Mchezo hauna dakika. Na mimi ukutani nimeandika gemu moja mia tano.

Basi jana. Saa kumi na mbili wanaanza, Afande na mtoto. Afande akirusha, kwanza anafuta viganja kwenye suruali. Halafu anatazama kushoto. Halafu anatazama kulia. Halafu anamtazama yule mpigaji wa kwenye tivii, jicho kwa jicho, kama amemkuta getini bila kitambulisho. Namwambia Afande, bonyeza tu. "Kijana, adui hakurupukiwi." Wamarekani wenyewe walichoka na mambo haya, mwaka 2023 wakawawekea warushaji saa: sekunde 15 kama besi ziko tupu. Mtoto alikwenda kwenye mipangilio akaizima. Nilipomuuliza kwa nini akasema Afande anasumbuka na shinikizo la damu.

Iningi ya nne Afande akasikia kwamba Paige, husimuliwa, alikuwa akiwaambia wenzake uwanjani wakae chini, awamalize wapigaji peke yake. Akageuka nyuma akaamuru umati wote ukae. Watu thelathini wakakaa kwenye vumbi. Mteja wangu wa kweli, mwenye elfu moja mkononi, akakanyagwa vidole, akaondoka kwenda kwa yule jirani mwenye tivii mbili.

Saa mbili na nusu, iningi ya tisa imekwisha, mbili kwa mbili. Nikainuka nikasema asanteni, mmetoshana nguvu, sare ni matokeo ya heshima. Mtoto akatikisa kichwa.

"Anko, hakuna sare."

"Hakuna nini?"

"Inaendelea mpaka mmoja ashinde."

Na inavyoendelea sasa! Kuanzia iningi ya kumi wanakuwekea mkimbiaji wa bure kwenye besi ya pili, hakuitolea jasho, amepandwa tu pale kama mpwa wa bosi. Wameweka hivyo ili mchezo uishe upesi. Ungekuwa umeisha upesi kama Afande angemfunga mtoto au mtoto angemfunga Afande. Lakini huyu akimwingiza mkimbiaji wake wa bure, na yule anaingiza wa kwake. Tatu kwa tatu. Nne kwa nne. Iningi ya kumi na mbili mtoto, badala ya kurusha, anahadithia: Marekani mwaka 1981 timu ya Pawtucket na ya Rochester zilianza tarehe 18 Aprili, zikacheza iningi 32 usiku kucha, zikasimamishwa baada ya saa kumi alfajiri, na ya 33 ikamaliziwa tarehe 23 Juni.

Mimi nilishika ukuta. Afande alifurahi. "Aprili mpaka Juni," akasema polepole, kama mtu anayeonja pilau. "Hao ni watu."

Hapo ndipo yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, ikaanza kulia, pii, pii, pii. Yuniti zimebaki kidogo. Nakiri mbele yenu, moyo wangu ulicheza. Nikasema Mungu si Athumani, giza ndilo litakalonikomboa, sinunui hata yuniti moja. Nikakunja mikono. Nikaanza hata kumhurumia mzee kwa sauti, jamani Afande, pole, mambo ya umeme unayajua.

Afande hakugeuza shingo. Akachomoa simu mfukoni, akampa kijana wa boda, akamtajia namba ya siri mbele ya umati mzima, akasema, "Weka ya elfu tano."

Elfu tano! Mtu ananunua umeme wa elfu tano kwenye mita yangu! Nikamsogelea, nikainama, nikazungumza naye kwa adabu zote alizonifundisha marehemu baba. "Afande, shikamoo. Kwa kuwa leo mkono wako umefunguka, na kwa kuwa hii ni iningi ya kumi na tatu, ungeniongezea angalau mia tano nyingine, watoto wapate kula." Akaniashiria ukutani kwa kidole, wala hakuyaondoa macho kwenye tivii.

"Kijana. Soma."

"Gemu moja mia tano, Afande."

"Hii ni gemu ya ngapi?"

"...Ya kwanza."

"Amri ni amri."

Umati ukapiga makofi. Umati ambao haujanunua hata peremende! Hapo heshima yangu iliniteleza. Nikasema maneno kuhusu jeshi, kuhusu pensheni, kuhusu Columbus ambaye hahusiki kabisa, na kuhusu mama wa aliyegundua rungu. Hakuna aliyenisikia maana Afande alikuwa amemtoa mpigaji kwa straiki tatu, na watu wazima walikuwa wanakumbatiana.

Iningi ya kumi na tano mtoto akaupiga mpira ukavuka ukuta. Afande akaiweka padi mezani taratibu, akampa mtoto mkono, akamwambia, "Umepigana." Kisha akanigeukia mimi. "Hii ilikuwa mazoezi. Kesho tunaanza mapema."

Mengine ya mchezo huu nayataja kwa kupita tu, maana nina usingizi. Ukiiunganisha mashine na intaneti inajipakulia marekebisho usiku, bando la mwezi linaisha kabla ya swala ya alfajiri. Ndani kuna duka la pakiti za kadi, unamtaka nyota kama Jackie Robinson unapewa mtu wa akiba ambaye hata mama yake alishamsahau. Watangazaji wana sentensi kumi na moja, nimezihesabu, mke wangu anaziota.

Na kubwa zaidi: timu zote 30 za ligi kubwa ya Wamarekani nimezipekua, Mganda simwoni. Wakati mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male, warushaji wetu, wamesaini na timu ya Los Angeles Dodgers. Wakati mwaka 2012 watoto wa Lugazi, hapo tu njia ya Jinja kwenye miwa, walikwenda mpaka Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakawafunga watoto wa Oregon tatu kwa mbili. Mwaka mmoja kabla, wa Kampala nao walikuwa wamefuzu, wakanyimwa viza. Nyie mnazijua foleni hizo, sina la kuongeza. Afande alipolisikia hilo la viza alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza kama kwenye mchezo mtu anaweza kujitengenezea mchezaji wake. Anaweza, na huo ni uzuri mwingine. Usiku wa Jumapili wametengeneza mrushaji anayeitwa Sajini, ana miaka 58, jezi namba 59. Pua ilichukua saa moja. Bure, maana kutengeneza mtu si gemu.

Leo asubuhi nikasema liwalo na liwe. Nikamwita fundi wa maandishi, yule anayeandika mabango ya saluni, nikampa elfu kumi na mtaji mpya wa maneno: GEMU YA MPIRA 500. GEMU YA RUNGU, SAA MOJA 1,000. Nikaenda kununua mkaa. Kurudi nakuta kazi nzuri, herufi zimenyooka, kivuli cha buluu, na kwa ukubwa unaosomeka kutoka steji ya taksi: GEMU YA MZUNGU, SAA MOJA 1,000.

Nikamwita. Akasema hivyo ndivyo alivyosikia, na kwamba kufuta ni elfu mbili kwa herufi na kuandika ni elfu mbili kwa herufi. Ukiifanya MZUNGU iwe RUNGU unafuta mbili na kuandika moja, hesabu mwenyewe. Tukabishana mpaka saa nne. Mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, akapita, akasoma, akaniuliza kwa faragha kama huyo mgeni ameshaandikishwa ofisini kwake.

Afande amefika saa tano, ana saa ya mkononi na daftari, anasema muda wa kubadilishana pande usihesabiwe. Na sasa hivi ninavyoandika kuna nyanya mmoja mlangoni, ametoka huko Wobulenzi, amekuja na kitambulisho, kadi ya kliniki na wajukuu wawili, anauliza foleni ya mzungu inaanzia wapi. Afande amempisha kwenye benchi.