Maktaba ilihamia mtandaoni, mzee je?

Mwandishi wa makala moja anasema korona haikuzifunga maktaba za New York, zilihamia tu mtandaoni. Sisi wa Bronx, mtaa wa jiji hilohilo, tunajua vingine. Milango ilifungwa Machi 2020, na kweli programu ya simu ya maktaba, SimplyE, iliendelea kuazimisha vitabu bure, mwanangu alisomea hadithi kwenye simu, sikatai. Ila kitabu cha kielektroniki nacho kina foleni: leseni moja, msomaji mmoja, wengine msubiri! Tena wachapishaji Macmillan walikuwa wakizibania maktaba vitabu vipya vya kielektroniki, wakalegeza Machi hiyohiyo. Na jirani yangu mzee, asiye na intaneti, aliyekuwa akienda kule kusoma gazeti na kuota joto, yeye alihamia wapi? Julai maktaba zilipoanza kutoa vitabu mlangoni alidamka kupanga mstari, barakoa imemfika machoni.