Pale reli zilipokutana

Asante mhariri kwa picha hizi za zamani za treni za abiria kwenye makutano ya reli. Makala inasema watu walikwenda pale kutazama injini za mvuke. Kweli, ila mimi utotoni macho yangu yalikuwa chini, kwenye ndimi za reli, vile vyuma vinavyosogea kuigeuzia treni njia. Mtu wa ishara anavuta wenzo kule kibandani, fimbo za chuma zinacheza kando ya njia, ulimi unasogea kama upana wa kiganja, basi treni nzima inaelekea kwingine. Upana wa kiganja tu!

Halafu kulikuwa na kugawanywa kwa treni. Iliingia moja, zikatoka mbili. Mfanyakazi anainama kati ya mabehewa, analegeza kiungo, anachomoa mpira wa breki, hewa inatoka fyuuu, na abiria waliolala hawana habari kwamba wamebadilishiwa kichwa. Uingereza walifika mbali zaidi: behewa la nyuma lilikatwa treni ikiwa mbioni, gadi wake akalisimamisha mwenyewe kwa breki kwenye stesheni ya njiani. Mara ya mwisho ilikuwa stesheni ya Bicester, Septemba 1960. Hilo ningetoa chochote nilione.

Treni nyingi za sasa zina chumba cha dereva mbele na nyuma, zinageuza na kuondoka. Ni nzuri, nazipanda. Lakini mabehewa yale yaliyoachwa yakingoja kichwa kingine nayakumbuka sana. Mkiwa na picha ya kibanda cha ishara kwa ndani, tafadhali iwekeni.