Tenera ni mali, lakini mama yake anakaa Kihinga

Mjadala wa haki za wakulima juu ya mbegu kwa kawaida huzunguka mahindi na maharage. Upande mmoja kuna sheria ya Tanzania ya mwaka 2012 inayolinda wagunduzi wa aina mpya za mimea, ambayo mwaka 2015 ilituingiza kwenye umoja wa kimataifa wa UPOV. Upande wa pili kuna Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018 kuhusu haki za wakulima wadogo. Kifungu chake cha 19 kinatamka kwamba mkulima ana haki ya kutunza, kubadilishana na kuuza mbegu aliyoivuna mwenyewe. Wanasheria wana kazi ya kutosha hapo. Kwa mkulima wa michikichi wa Simbo au Ilagala, mkoani Kigoma, hata sheria zote hizo zikifutwa kesho, bado atakwama.

Mchikichi tulioukuta kwa wazee ni Dura: ganda nene, nyama nyembamba, mafuta ya wastani. Mchikichi unaohimizwa tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao hili mwaka 2018 ni Tenera, wenye ganda jembamba na nyama nyingi. Tenera ni chotara. Ua la Dura hufungiwa mfuko lisiguswe na chavua ya nje, kisha huchavushwa kwa chavua ya Pisifera, aina isiyo na ganda na ambayo mikungu yake mara nyingi huoza kabla ya kukomaa. Siri hiyo ya urithi wa ganda ilifumbuliwa ng'ambo ya ziwa, huko Yangambi, Kongo ya Mbelgiji, mwaka 1941.

Sasa piga hesabu. Mama mmoja ana Tenera zinazozaa vizuri, anaokota chikichi zilizodondoka chini, anaotesha miche 56 na kujaza ekari. Kwa wastani, kama Tenera hizo zimechavushana zenyewe kwa zenyewe, 28 itakuwa Tenera, 14 itarudi kuwa Dura, na 14 itakuwa Pisifera. Kwa macho miche haitofautishiki. Atapalilia yote, atasubiri miaka mitatu au minne, ndipo agundue kwamba robo ya shamba ni mapambo. Kwa Dura hapakuwa na mtego huo: uling'oa mche uliojiotea chini ya mti mzuri, ukampa jirani, yakaisha.

Kwa hiyo anayepanda Tenera anahitaji mbegu ya kituo kila anapoongeza shamba, na miti mama ya mbegu hiyo imo TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo mkoani Kigoma, au kwa wazalishaji wa nje. Wanaoitetea Tenera wana hoja nzito, nami nawaunga mkono kwa sehemu kubwa. Nchi inaagiza mafuta ya kula kwa fedha za kigeni huku Kigoma ikiwa na mvua, joto na watu wanaolijua zao. Kukesha ukichemsha pipa la Dura kwa dumu moja la mawese ni kujichosha kwa jambo ambalo sayansi imeshalirahisisha. Na kituo ni cha umma. Vitalu vimewekwa hadi gereza la Kwitanga na JKT Bulombora, na hapo hakuna mfanyabiashara anayekudai mrabaha.

Ila taasisi ya umma nayo hutegemea bajeti, na bajeti tunazijua. Mwaka kituo kikipungukiwa, kijiji hakina pa kukimbilia.

Lipo pia jambo linalotajwa kwa nadra. Mwaka 1986 watafiti wa Malaysia walikusanya mbegu za michikichi hapa Tanzania, kama walivyofanya Nigeria, Kameruni na Zaire, wakazipanda kwao kama hazina ya kuboreshea aina zao. Mkataba wa Bioanuwai ulikuja mwaka 1992, kwa hiyo huwezi kusema walivunja kanuni, kanuni haikuwepo. Wengine watasema mchikichi ni mti wa Afrika nzima, nani atamlipa nani? Nakubali kwamba kudai fidia ni ndoto. Lakini inaonyesha kwamba Dura za vijijini, tunazoziita duni, wenzetu walisafiri bahari kuzifuata.

Halafu kuna mise, kiini kilichomo ndani ya kokwa. Mwenye shamba akishakamua mawese, kokwa huanikwa na kupasuliwa, mara nyingi na wanawake, na mise huuzwa au kukamuliwa mafuta ya sabuni. Maganda huchochea moto wa pipa linalofuata. Tenera yenye kokwa ndogo inaongeza mawese na kupunguza upande huu. Hesabu za tija huishia kwenye mawese, kwa hiyo pato hili halionekani linapopungua.

Na mchikichi ni mti wa kudumu, maana yake ni ushahidi wa umiliki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini mwanamke anayelima muhogo kwenye kipande cha shemeji bado huambiwa: lima, usipande miti. Miche ikigawiwa kwa mwenye shamba tu, tunajua itaishia mikononi mwa nani.

Mimi ningepanda Tenera, na za zamani ningeziacha mpakani. Kwa halmashauri ningedai mambo mawili. Kwanza, Dura bora za kila kata ziwekewe alama na kutunzwa kabla hazijakatwa kupisha mistari mipya. Pili, vijana wa vyama vya ushirika wafundishwe Kihinga kufunga maua na kuchavusha, na vyama vipewe miti mama na chavua vilivyothibitishwa chini ya usimamizi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Wataalamu watasema mfuko ukitoboka mbegu zitachanganyika, na ni kweli. Vitalu vya mtaani vinavyouza miche ya kuokota kwa jina la Tenera vinachanganya zaidi, na havina msimamizi.