Mkataba upo, ulingoni haonekani
Ndugu mwandishi, eti kampuni ya mieleka ya AEW isajili kila mwanamieleka anayeachwa na wapinzani wao WWE? Hapo sikubaliani nawe. Mwangalie Miro, yule aliyeitwa Rusev alipokuwa WWE. WWE walimwacha Aprili 2020, akaenda AEW, 2021 akavaa mkanda wa ubingwa wa TNT na kuwachapa watu kama watoto. Baada ya hapo miezi ikawa inapita hujamwona, na mkataba upo. 2025 huyo, karudi WWE! Saa za televisheni ni zilezile, haziongezeki kwa kujaza watu. WCW, kampuni nyingine ya mieleka, nao walijaza hivyohivyo, 2001 wakanunuliwa na mpinzani wao. Waliopo kwanza wapewe mechi, jamani.